Kuta Mbili Zinazotazamana

Nyumba yangu ni ya udongo na nyasi, iko Mlabani, hapa Ifakara, nyuma ya nyumba ya tofali za saruji ya mwanangu. Waliokuja kuikandika mara ya kwanza nawakumbuka wote, jina kwa jina, na nani alileta maji na nani alileta maneno tu. Majina hayo nabaki nayo. Hapa naandika habari ya joto, maana ndilo lililoniokolea nyumba.

Mwanangu alitaka kuibomoa ajenge safu ya vyumba vya kupangisha. Mimi angenipa kimoja, chenye bati juu na feni.

"Mama, watu wananisema. Mimi nalala kwenye tofali, wewe kwenye nyasi kama kuku wa kienyeji."

"Kuku wa kienyeji ndiye mtamu, baba." Ana jina la baba yangu, ndiyo maana namwita hivyo.

Nilikataa, lakini sababu ya kumwekea mkononi sikuwa nayo, hadi mavuno yalipofika. Kati ya nyumba yake na ya jirani, nayo ya tofali, kuna uchochoro, upana wake mkeka mmoja. Jua lilikuwa kali, na mpunga ukikaushwa haraka hupasuka ndani ya ganda. Basi mkwe wangu, mke wake, akautandaza mle uchochoroni, kivulini. Mtu yeyote wa bonde hili angefanya vile. Tulipoupeleka mashineni, ukatoka chenga tupu. Mwenye mashine akachota kiganjani, akamtazama mkwe wangu.

"Dada, huu mlianika au mlikaanga?"

Foleni nzima ikacheka. Mchele wetu wa Ifakara kutoka chenga ni aibu ya ukoo.

Jioni ile, jua limeshazama, nikaingia uchochoroni. Nikaweka kiganja kimoja ukuta huu, kingine ukuta ule. Zote mbili zilikuwa na moto wa jiko lililotolewa makaa sasa hivi. Tofali zimekula jua mchana kutwa, jioni zinalitapika, na kwa kuwa zinatazamana, ukuta huu unautupia ule, ule unaurudishia huu. Joto halina pa kutokea. Na dirisha la chumba chao liko hapo hapo. Ndiyo maana feni yao haizimwi, umeme kila siku unanunuliwa, na inachopuliza ni joto lile lile.

Nikamwita mwanangu aguse. Akagusa, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Saruji ndivyo ilivyo, mama."

"Na bado unataka ukuta mwingine, utazamane na mlango wako wa nyuma."

"Fundi nimeshamwita. Anakuja kesho."

"Na mimi nitawaita wa kwangu."

Asubuhi fundi alipofika na nyundo, vigingi na kamba, alikuta wanawake wa jumuiya yetu wamejaa uani, udongo hadi viwikoni. Jirani yetu Msukuma alikuwa ameleta kinyesi cha ng'ombe cha kuchanganyia. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa tayari umekandikwa upya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kukandika au unapita?"

"Nimeitwa kubomoa."

"Ukuta mbichi huo. Utachafuka bure."

Mwanangu akasimama kando yake, mikono kiunoni. Ndipo mkwe wangu akatoka ndani. Akamtazama mumewe, akavua kandambili, akakanyaga udongo.

"Nianzie wapi, mama?"

"Anzia huo ukuta unaotazama mlango wako."

Fundi akaanza kuviringisha kamba yake, polepole, bila kuambiwa na mtu.

Mwanangu hajaacha. Kila mchana bado ananieleza habari za vyumba. Ananieleza akiwa amekaa ndani mwangu, mgongo ameuegemeza ukutani, shati lake kavu, na kule kwake feni imezimwa kwa sababu hakuna mtu.