Hazina ya Maharamia Kando ya Kisima

Nimewapenda maharamia tangu nikiwa msichana, ingawa bahari sijawahi kuiona. Nafundisha jiografia Lubumbashi, na maji ninayoyavuka kila siku ni mto Naviundu, ambao wakati wa kiangazi hauloweshi magoti. Likizo moja, kwa kujifurahisha tu, nilichora ramani ya parseli, kiwanja tunachokaa mimi na mwenye nyumba wangu: choo, mparachichi, kisima, ukuta. Niliipaka chai ionekane ya kale, halafu kando ya kisima nikatia alama ya msalaba kwa wino mwekundu.

Mwenye nyumba, mzee ninayemwita papa, yaani baba, aliyestaafu kazi ya reli na anayekaa nyumba ya mbele, aliiona mezani siku alipokuja kutazama paa langu linalovuja.

"Madame, hii musalaba iko nini?"

"Hazina ya maharamia, papa. Wale wezi wa baharini. Ni mchezo tu."

"Bahari iko wapi huku?"

Akatoka bila kulitazama paa.

Tangu siku hiyo alinisalimia macho yakiwa kwenye viatu vyangu, akitafuta udongo. Mwalimu mwenzangu alipokuja kunitembelea, mzee alimlazimisha afungue mkoba getini. Nilielewa anachofikiri. Huku kwetu watu wamechimba hadi ndani ya sebule zao wakitafuta madini ya kobalti, na mwalimu wa jiografia lazima anajua mambo ya mawe. Mimi nami nikaanza kumshuku. Mara mbili niliikuta ramani imegeuzwa, na mlango nilikuwa nimeufunga. Funguo za akiba alikuwa nazo yeye. Nikaanza kuificha chini ya godoro, na nadhani hilo ndilo lililomthibitishia kila kitu.

Jumapili moja nilirudi kutoka misa nikamkuta kando ya kisima, ndani ya shimo hadi kiunoni, sepeto mkononi, suruali yake ya kanisani imejaa udongo.

"Papa, unatafuta nini?"

"Weye njo unajua."

Eti mimi ndiye ninayejua! Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliegemea ukingo wa shimo akapumua.

"Weye unapenda maharamia," alisema. "Miye nilibaona na macho yangu. Kule Pweto, ku ziwa, mama yangu alikuwa anauzisha samaki ya kukauka. Balituzuia katikati ya ziwa, na mapanga. Balibeba samaki yote, na kitenge chake. Balikuwa bantu ba kawaida tu. Moja alikuwa anakohoa."

Kicheko kikaniisha.

"Mukafanya nini, papa?"

"Tulirudia nyumbani. Mama hakuvuka tena."

Nilibadilisha nguo, nikaazima sepeto kwa jirani, tukafukia shimo pamoja. Nilimwapia kwamba chini hakuna kitu, naye akaitikia kwa kichwa. Lakini mpaka leo hataki nipande hata kitunguu upande ule.