Sindano ya Insulini Mwezi wa Shaaban

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujifundisha mbele ya mto wa kulalia. Nilikuwa nimerudi Unguja na shahada ya uuguzi niliyoisomea India, na shahada hiyo peke yake haikunipa ruhusa ya kumgusa mgonjwa hapa nyumbani. Sisi tuliosoma nje tunapimwa kwanza, kwa karatasi halafu kwa vitendo. Ukipita unasajiliwa. Ukifeli vitendo unarudia mara moja tu, na ukifeli tena unarudishwa darasani.

Karatasi nilipita. Vitendo ndivyo vilivyoninyima usingizi. Sikuwa na wa kunifundisha, kwa hiyo nilitazama video kwenye simu, nikaandika kila kazi hatua kwa hatua, nikaifanya juu ya mto wa kitandani mwangu. Machungwa ya sokoni Darajani niliyachoma sindano mpaka mama akakataa kuyakamua. Nikikosea hatua ya tisa, nilirudi ya kwanza. Mto niliuuliza jina lake kila mara, kwa sababu kumuuliza mgonjwa jina ni hatua ya pili, kisha nikaendelea na ya tatu.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Asubuhi ya mtihani mama alinimiminia chai, akakaa ng'ambo ya meza akinitazama nikinywa. Mbele yake hapakuwa na kikombe. Nilikuwa nahesabu hatua kichwani.

Mtihani ulifanyika katika chumba kilichopangwa kama wodi. Mtahini alikuwa muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi yake. Kitandani alilala mama mmoja mtu mzima, mkunga mstaafu kutoka Matemwe, aliyeombwa aigize mgonjwa wa kisukari. Mkononi alifungwa kipande cha sponji, hapo ndipo ningechoma. Kadi ilisema sukari yake ya asubuhi imepanda kidogo, apigwe insulini nusu saa kabla ya chakula.

Sijawahi kufanya kazi vizuri kama nilivyofanya siku ile. Nalisema hili bila kujisifu, maana ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilibisha hodi kwenye pazia. Niliosha mikono kwa muda uleule ulioandikwa. Nilimuuliza jina, nikalilinganisha na kadi, nikamuuliza tena. Nilivuta dawa bila kiputo hata kimoja cha hewa. Juu ya kimeza cha pembeni palikuwa na hotpoti ya chakula, nami nilihitaji nafasi ya trei yangu. Niliinyanyua hotpoti kwa mikono miwili, nikaiweka chini. Ilikuwa nzito. Nilihisi uzito ule viganjani, na nilichowaza ni kwamba itabidi nioshe mikono tena. Nikaosha.

Nilipochomoa sindano, mtahini aliweka kalamu chini.

"Mkono wako mzuri," alisema. "Sasa niambie, mgonjwa wako atakula saa ngapi?"

"Baada ya nusu saa, Bi," nilijibu. "Chakula chake kile pale."

Yule mama aligeuza kichwa kwenye mto. "Changu cha kufuturia kile, mwanangu. Mie nnafunga. Nnalipa siku za Ramadhani nilizoumwa."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi mwenyewe ni Muislamu, nimezaliwa mjini hapa, najua kabisa kwamba Shaaban ndio mwezi wanaokimbizana wanawake kulipa siku zao kabla Ramadhani haijaingia. Na mtu aliyepigwa insulini saa nne, asitie kitu mdomoni mpaka magharibi, hafiki magharibi. Nikashika chuma cha kitanda.

"Nshakufa saa hizi," mama wa Matemwe alisema, akifungua sponji mkononi. "Lakini haikuuma hata kidogo."

Alicheka. Nadhani alitaka kunipoza. Mtahini hakucheka. Aliniuliza kule nilikosoma tulikuwa tunafanyaje, nami nikamweleza: chakula cha wagonjwa kilipikwa hospitali, kililetwa kwa kigari saa ileile kila siku, na sisi tulikifuata kigari kitanda kwa kitanda na sindano zetu. Sahani ikiwa mbele ya mgonjwa, unachoma. Sikuwahi kuhitaji kuuliza. Akaniambia hapa chakula kinatoka nyumbani, kinafika kinapofika, na wakati mwingine mgonjwa ameshanuia jambo lake na Mungu wake wala hakumwambia daktari. Asiyeuliza hajui. Kisha akaandika, na niliweza kulisoma neno "amefeli" hata nikiwa nimesimama upande wa pili.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama aliponiuliza, nilisema uongo. Nilisema wanatubana makusudi sisi tuliosoma nje. Alilaani kidogo kwa niaba yangu, akaenda jikoni. Niliusikiliza uongo wangu mchana kutwa. Adhana ya magharibi ilipotoka, nilimwona akichukua tende, akasoma dua, akaitia mdomoni, nikapigwa na mshtuko wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Nilikuwa nimekaa meza moja na mtu aliyefunga, nikanywa chai yake, na sikumuona.

Nikamwambia kila kitu: hotpoti, uzito wake, yule mama, na kwamba nimemsingizia mtahini. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama yule mama alikasirika. Nikasema alicheka.

"Basi kesho nnafunga tena," alisema. "Njoo uniulize nimekula nini, kabla hujaniuliza jina. Jina langu unalijua."

Alinifanyisha hivyo wiki nzima, na kila siku alinipa jibu jingine ili nisilikariri. Siku moja alinitega kwa kusema amekula. Nilimwamini, akanitajia daku aliyokula alfajiri, akaniambia nimuulize pia alikula saa ngapi.

Miezi mitatu baadaye nilirudia. Safari hii mgonjwa alikuwa mzee mwenye kidonda cha mguu, na nilizungumza naye sana mpaka muda ukanibana, nikafunga bandeji iliyopinda. Iliniuma kuiacha vile. Nilipita.

Sasa nimesajiliwa na nafanya kazi wodi ya wanawake. Kazi ya mikono yangu si nadhifu kama zamani, na bado nachukia bandeji iliyopinda. Lakini simchomi mtu kabla hajaniambia amekula nini na saa ngapi, na akinyamaza, nangoja.