Nafasi Aliyoiacha Evelyn Keji

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla kengele ya gwaride haijalia, Evelyn Keji amekwisha kufungua madirisha yote sita ya maabara na kufuta vumbi juu ya meza. Anapima sodiamu haidroksidi kwenye mizani ndogo ya umeme. Chembe zake nyeupe hunyonya unyevu wa hewa upesi, na mwenye kusitasita hupima maji akidhani anapima dawa. Evelyn hasitisiti. Mkono wake unakwenda na kurudi mara tatu, kifuniko kinarudishwa, na tarakimu zinatulia pale alipozitaka.

Anaiyeyusha dawa ile kwa maji safi, anajaza chupa ishirini na nne, na kila chupa anaibandika karatasi yenye mwandiko wa kusomeka. Saa mbili kamili anaingia mwalimu wa kemia, Sadiya Kamisi, akiwa na chaki mkononi na daftari la mahudhurio kwapani. Evelyn anasogea nyuma, anasimama karibu na beseni la kuoshea vyombo, na somo linaanza.

Hivi ndivyo mambo yalivyo kila siku ya kazi katika shule hii ya sekondari ya serikali, upande wa Dadamu, nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwenye shahada ya kemia ya viwanda huandaa chupa. Mwenye shahada ya ualimu wa sayansi hufundisha kwa chupa hizo. Wa kwanza hulipwa na bodi ya shule shilingi laki nne kwa mwezi. Wa pili hulipwa na serikali milioni nne.

"Watu hufikiri kinachoniuma ni ile sifuri moja," asema Evelyn, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili. "Hapana. Kinachoniuma ni kwamba nafasi iliyomfikisha Sadiya hapo ilikuwa yangu."

Maneno hayo si ya wivu, wala si ya kutunga.

Evelyn alizaliwa Kuluba, wilaya ya Koboko, katika nyumba ya Marino Lado, askari wa zamani aliyeacha bunduki akashika jembe. Mzee Marino alilima tumbaku. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kuamka mapema, kumwagilia miche, kuchuma, kukausha na kufunga majani kwa uangalifu kama mtu anayefunga maiti ya mzazi wake. Kisha ilifika siku ya soko, na jasho la mwaka mzima likawekwa mbele ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa ofisa wa kampuni iliyonunua tumbaku. Alikuja kwa gari jeupe, amevaa viatu vya ngozi vilivyofika juu ya kifundo cha mguu. Alishika jani, akalinusa, akalikunja, akataja daraja. Neno lake halikuwa na rufaa. Kwa neno moja mzigo wa Mzee Marino ulikuwa karo ya watoto, na kwa neno jingine ulikuwa chumvi na mafuta ya taa tu. Watu wa Kuluba walisema kwamba ofisa yule alisomea sayansi.

Kwa hiyo, Evelyn alipofaulu kemia kuliko wenzake wote wa kidato cha sita, baba yake hakuona vitabu. Aliona gari jeupe, na bintiye ndani yake, akiwatajia wakulima daraja la haki.

Mwaka 2012 majina ya waliopata udhamini wa serikali yalibandikwa ukutani, katika ofisi za wilaya. Kila wilaya ilikuwa na nafasi zake chache, na moja kati ya zile za Koboko ilikuwa ya Evelyn Keji: shahada ya ualimu wa sayansi, karo, chakula na malazi juu ya serikali.

Nyumbani Kuluba habari hiyo haikupokewa kwa vigelegele. Wazee wa ukoo waliitwa, wakakaa tangu asubuhi hadi jua likapinda. Wakati huo mshahara wa mwalimu ulikuwa kitu cha kuchekesha watu kwenye kilabu cha pombe. Baba mdogo wa Evelyn alimtaja mwalimu mmoja wa jirani, akauliza ni lini mtu yeyote alimwona na suruali ya pili. Wengine walicheka. Mwishowe likakatwa shauri: binti aiache nafasi ile, akasome kemia ya viwanda kwa fedha za nyumbani. Liliuzwa shamba la kando ya kijito, lile lenye udongo mweusi, na ng'ombe wawili.

Hapa Evelyn hataki kuwasingizia wazee. "Hata mimi niliuonea haya ualimu," akiri. "Nilisikia neno viwanda kwenye jina la kozi, nikafikiri kiwanda kiko mlangoni kinanisubiri. Hakuna aliyeuliza viwanda vyenyewe viko wapi. Katika West Nile yote, mkoa wetu huu, hatukuuliza kama kipo hata kimoja."

Nafasi aliyoiacha haikukaa wazi. Jina lililofuata kwenye orodha ya wilaya lilikuwa la Sadiya, binti wa fundi cherehani wa Koboko mjini, msichana aliyekaa naye dawati moja miaka miwili. Siku walipokutana kituo cha mabasi, kila mmoja na sanduku lake, Evelyn alimwambia mwenzake neno ambalo hajalisahau mpaka leo. Alimwambia: "Haya, mwalimu, nenda ukale chaki."

Sadiya alicheka tu, akapanda basi.

Miaka mitatu ilipita. Evelyn alihitimu vizuri, akarudi na cheti chake katika bahasha ya kaki, na akakuta ghala la tumbaku limefungwa kufuli. Kampuni ilikuwa imeacha kununua. Gari jeupe halikuonekana tena barabarani, na wakulima wa Kuluba walikuwa wamerudi kwenye muhogo na mtama.

Alikwenda Kampala. Kiwanda kimoja cha sabuni kilimchukua kwa miezi mitatu, si kupima mafuta na magadi kama alivyofundishwa, bali kupanga vipande vya sabuni katika maboksi. Alipeleka barua za maombi mpaka akaacha kuzihesabu. Mwaka 2019 alirudi Arua, akaomba kazi ya msaidizi wa maabara, akaipata, akashukuru. Miaka mitatu baadaye serikali ikapandisha mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada, na mwaka uliofuata Sadiya Kamisi akahamishiwa shule ile ile.

Ni haki kusema kwamba Sadiya hakuja kujigamba. Mbele ya wanafunzi humwita mwenzake Madamu Keji, na wakiwa peke yao humwita dada, kama zamani. Lakini wanafunzi ni wanafunzi. Wamempa mwalimu wao jina la Madamu Milioni Nne, na kemia wanaiita somo la milioni nne. Katika kidato cha tano, ambako miaka ya nyuma waliochukua sayansi hawakufika ishirini, leo wamo arobaini na wanane, na baadhi yao hawawezi kusawazisha mlinganyo mmoja wa kemia bila kunong'onezwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwalimu mkuu, Bwana Anguzu, aliandaa siku ya kuwashauri wanafunzi juu ya kazi za baadaye. Alimwomba Evelyn azungumze, kwa kuwa ndiye mwanakemia wa pekee shuleni ambaye si mwalimu. Evelyn alieleza jinsi dawa inavyotengenezwa, jinsi maji ya kisima yanavyopimwa. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma, Shakira, akanyoosha mkono.

"Madamu," aliuliza, "na wewe unapata ngapi?"

Hapakuwa na ufidhuli katika swali hilo. Ndilo swali ambalo wazee wa Kuluba waliliuliza mwaka 2012, na ndilo swali ambalo shule nzima ilifundishwa kuuliza. Bwana Anguzu alikohoa, akamwita mzungumzaji mwingine.

Juma lile lile Evelyn alikwenda chuo kikuu kilichopo Arua, akachukua fomu ya stashahada ya ualimu kwa wenye shahada. Ni masomo ya miaka miwili, siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Ada ya muhula mmoja ni karibu mshahara wake wa miezi mitatu. Fomu inadai barua ya mwalimu wa somo atakayeshuhudia kwamba mwombaji anafaa kufundisha, na mwalimu wa somo katika shule yake ni mmoja tu.

Sadiya aliisoma fomu mpaka mwisho, akairudisha mezani bila kushika kalamu.

"Dada, nikuulize kitu," alisema. "Wewe unataka ualimu, ama unataka milioni nne?"

Evelyn alimjibu kwa ukali kwamba ni rahisi kwa aliyeshiba kuuliza hivyo. Sadiya hakukasirika. Alisema kwamba yeye alifundisha miaka saba kwa mshahara ambao ndugu zake waliuona aibu, na mara mbili alitaka kuacha. Kama fedha ndiyo iliyokuwa ikimweka, asingefika siku ya kuongezewa. "Ukinijibu kweli, nitaandika," alimaliza. "Ukinijibu uzuri-uzuri, sitaandika."

Siku nne Evelyn aliosha chupa akilifikiria swali hilo. Alikumbuka muhula uliopita, Sadiya alipolazwa kwa malaria na darasa likakaa siku mbili bila mwalimu. Siku ya tatu Evelyn aliingia mwenyewe, akawaonyesha jinsi ya kushika bureti, mrija wa kioo wenye alama za vipimo, na kuacha dawa ishuke tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Hakuna aliyemtuma, na hakulipwa kitu. Alipotoka alikuwa na njaa ya ajabu, kama mtu aliyelima ekari nzima.

Siku ya tano alimfuata Sadiya chini ya ngazi ya maktaba.

"Nataka vyote viwili," alimwambia. "Nikisema siitaki ile milioni nne nitakuwa mwongo. Lakini hata ikikosekana, nataka kufundisha. Na ile habari ya chaki, siku ile kituoni, unisamehe."

"Chaki ipi?" aliuliza Sadiya, akitabasamu, kisha akasema kwamba anaikumbuka sana. Barua aliiandika siku hiyo hiyo, ukurasa mzima, kwa mkono wake.

Lilibaki jambo moja, nalo halikuwamo katika fomu. Kwa miaka sita Mzee Marino alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba binti yake ni mkemia wa serikali huko Arua. Evelyn hakuwahi kumdanganya kwa kinywa chake. Alisema tu kwamba anafanya kazi maabara, akamwacha baba yake ajaze mengine. Kunyamaza huko kulimlinda mzee, na kulimlinda yeye pia. Na kwa kadiri miaka ilivyozidi, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuuvunja ukimya huo. Alikubali maisha yake yaandikwe gazetini, katika makala hii, kwa sharti moja: afike kwanza Kuluba, amweleze baba yake mwenyewe.

Alikwenda Jumamosi, kwa basi hadi Koboko na kwa bodaboda kutoka hapo. Alimkuta mzee amekaa mbele ya nyumba, akichonga mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Lugha ya mzee, anapotaka jambo lisikike sawasawa, ni Kiswahili cha jeshini, na ndicho alichokitumia siku hiyo.

"Kazi yako huko Arua iko kazi gani kabisa?" aliuliza, bintiye alipokwisha kuanza na kushindwa mara mbili.

"Napima dawa, baba, na kuosha chupa. Mwalimu ndiye anayefundisha."

Mzee aliendelea kuchonga. Nyuzi nyembamba za mti zilianguka juu ya miguu yake. Kisha aliuliza ni nani aliyeichukua ile nafasi ya wilaya, na akaambiwa ni Sadiya, binti Kamisi fundi cherehani.

"Huyo iko fundisha muzuri?"

"Vizuri sana, baba."

"Basi wilaya hapana poteza kitu," alisema. "Sisi ndio tulipoteza."

Hakupandisha sauti wala hakumtazama. Alisema kwamba kosa ni lake, si la wale wazee wengine ambao sasa wengi wao wamekwisha kufa. "Mimi hapana tuma wewe kusoma. Mimi nilituma wewe kuleta gari ya ule mutu wa tumbaku." Kisha akataja shamba la kando ya kijito, kwamba aliyelinunua amepanda maharage mwaka huu na yamekubali.

Evelyn alimweleza habari za stashahada. Alimweleza kwamba masomo yanaanza mwezi wa nane, kwamba atamaliza akiwa na miaka thelathini na minne, na kwamba hakuna aliyemwahidi ajira ya serikali, kwa maana nafasi ni chache na wanaozingoja ni wengi. Huenda akafundisha katika shule ya watu binafsi kwa fedha isiyozidi anayoipata sasa. Anachokitamani, alisema, ni jina lake kuandikwa katika ratiba ya masomo, kwa kuwa msaidizi wa maabara haandikwi humo.

Mzee Marino aliuinua mpini, akaupitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini, akitafuta mahali penye mkwaruzo.

"Na hiyo ualimu," aliuliza, "watalipa wewe ngapi?"

"Sijui, baba."

Mzee aliuweka mpini chini. Ndipo alipomtazama bintiye usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kama hapana jua, na bado iko taka," alisema, "pengine safari hii wewe iko enda na akili."