Daktari Asiyekwenda Kunawa

Hospitalini kwetu daktari akikwama hasemi "sijui". Husema "naomba nikanawe mikono", akajifungia na simu yake kwenye chumba cha sinki, kisha akarudi na jibu kana kwamba alizaliwa nalo. Sisi wauguzi tunajua, tunanyamaza. Upuuzi mtupu. Mwanzilishi wake ni Mkubwa, daktari mkongwe wa chumba cha pili, anayejisifu kwamba hajafungua kitabu tangu ahitimu. Hilo namwamini.

Daktari wa chumba changu, mwanamke mwenye ulimi mkali na viatu vilivyochoka, alikataa mchezo huo. Akiwa na swali anatafuta jibu kwenye simu pale pale mezani, mgonjwa akimwona. Wenzake wakambandika jina la Bi Simu. Alijitia hasikii, lakini lilimuuma.

Siku hiyo aliingia mama mjamzito, siku zake za kujifungua zimekaribia, mkojo unamchoma. Mumewe alisimama nyuma yake, amekunja uso. Daktari akauliza anatarajia kujifungua lini, akasita, akachukua simu.

"Unatafuta nini humo?" mume akafoka.

"Dawa isiyomdhuru mtoto, kaka. Nivumilie kidogo."

"Basi hata mimi ningetafuta nyumbani! Inuka, mama watoto."

Akamkokota mpaka kwa Mkubwa. Kuta zetu ni nyembamba, tukasikia kila neno la Mkubwa: "Vidonge vile vile vya siku zote. Wajawazito wote nawapa."

Daktari wangu alikuwa ameshapata jibu. Ni kweli wajawazito hupewa vidonge hivyo, ila si wanaokaribia kujifungua, maana vinaweza kuharibu damu ya mtoto. Akatoka mbio, nami nyuma yake.

Tulimkuta mama kwenye dirisha la dawa, pakiti mkononi. Daktari akamweleza mbele ya foleni nzima, akamwonyesha maandishi kwenye simu. Mkubwa akachomoza kichwa mlangoni.

"Unanivunjia heshima!"

"Heshima yako haiumwi," daktari akamjibu. "Mgonjwa ni huyu."

Mume akausukuma ule mkono wenye simu. "Mwenzako hakuangalia popote na amejua. Wewe unabahatisha tu. Mama watoto, twende!"

Mama hakwenda. Alimkazia macho Mkubwa.

"Hukuniuliza najifungua lini," alisema. "Hata kichwa hukuinua."

Akairudisha pakiti dirishani, akashika tumbo lake, akamgeukia mumewe. "Wewe nenda. Sisi wawili tunarudi kwa daktari."