Maji Yasiyonuka

Wifi yangu ana mdomo, nami sina subira. Ndiyo maana mume wangu, ambaye ni kaka yake, siku hizi anakula kimyakimya na kuondoka mezani mapema.

Mtaani wanamwita Mama Kioo, kwa sababu maji anayouza ni maangavu hata mto ukiwa mzito kama uji. Tangu malori yaanze kuchimba mchanga huko juu, mto haujatulia. Samaki wametoweka, na ukifua shuka jeupe unaanika la kahawia. Kwa wifi yangu hiyo ilikuwa neema. Alipanga mapipa uani, na kila maji yalipoletwa, aliyatia dawa ya kuua vijidudu humohumo kwenye tope, kisha akayakoroga kwa shabu, lile jiwe la kuvuta uchafu chini. Kesho yake yanameta, tena hayana harufu yoyote ya dawa. Wateja walimsifia hilo kuliko yote, naye akavimba kichwa.

Akiniona nachemsha yangu, ananicheka kupitia dirisha.

"Wifi, unachoma mkaa bure! Mama mzima unaogopa maji?"

"Chunga mapipa yako," namjibu, na kufunga dirisha.

Nikaenda kumuuguza mama yangu. Huku nyuma mume wangu akampa mtoto wetu maji ya shangazi yake, kwa sababu kuchemsha, eti, ni usumbufu. Niliporudi nilimkuta mwanangu hospitali, macho yameingia ndani, anaharisha maji matupu. Wodi ilijaa watoto wa mtaa wetu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wifi yangu siku ile, na mume wangu naye alipata fungu lake.

Bwana afya alikuja uani kwake, mimi na mume wangu tukiwepo. Akachota maji kwenye kichupa, akadondoshea kitu, akatikisa.

"Yangegeuka rangi ya waridi kama yangekuwa na dawa. Unatia kweli?"

"Kwa mkono wangu huu!" wifi akafoka. "Yakiletwa tu, natia."

"Basi dawa inaliwa na tope. Vijidudu vinajificha kwenye udongo, dawa inaisha kabla ya kuvifikia. Tope litulie kwanza, uyahamishe yale ya juu, ndipo utie. Halafu yatanuka kidogo. Hiyo harufu ndiyo ulinzi wenyewe."

"Yakinuka, wateja si watanikimbia?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mwanangu yuko kwenye dripu, wewe unalilia wateja! Huna hata haya?"

Tuliyoambiana baada ya hapo hayaandikiki. Mume wangu alisimama katikati, akatukanwa na pande zote mbili.

Wifi alifuata maelekezo; kwa hofu au kwa aibu, sikumuuliza. Maji yakanuka. Wateja wakasema ameanza kuuza sumu, wakahamia kwa jirani mwenye mkokoteni, ambaye yake hayana harufu. Mume wangu naye akaleta dumu la huko. Nikalimwaga lote mlangoni, mbele yake, nikaenda kwa wifi.

Hakunisalimia. Nami sikumsalimia. Alinijazia dumu, nikalibeba.

Mwanangu alikuwa ametoka hospitali, shingo imekonda. Akanusa kikombe, akakisukuma.

"Mama, yananuka."

"Ndiyo," nikamwambia. "Kunywa."