Kitambaa Cheupe cha Castory

Mimi nauza dagaa. Elimu ya hewa sina, lakini kazi ya Castory naweza kuieleza kuliko hao wanaokaa pale bandarini Kibirizi na kumwita mwendawazimu.

Castory ni fundi wa mashine za boti, nyumbani kwake Gungu. Miaka minane iliyopita walikuja watafiti wa hewa na masanduku ya chupa nene za kioo, wakitafuta mtu mwenye boti na mwenye subira. Boti alikuwa nayo. Subira sijui waliiona wapi, maana Castory ni mtu wa kugombana hata na spana. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila Jumanne asubuhi aende mbali ziwani, azime mashine, angoje robo saa hewa itulie, kisha ajaze chupa mbili kwa pampu ndogo ya betri, mrija ukiwa juu ya ufito mrefu, naye ameelekea upepo na pumzi ameibana isije ikaingia chupani. Chupa hupelekwa ng'ambo, wapime zina hewa ukaa kiasi gani, methani kiasi gani, na gesi nyingine zilizo chache mno, kama chembe za mchanga kwenye gunia la mchele. Kuna meli zinazojaza chupa kama hizo katikati ya bahari zote za dunia.

"Na ya Ziwa Tanganyika naijaza mimi," alikuwa akituambia, kifua mbele.

Mwaka wa kwanza uliharibika wote, na walioharibu ni sisi. Ziwani kwetu, boti iliyozima mashine ni boti yenye shida, na mtu wa namna hiyo humpiti. Unageuza, unamwendea, unamrushia kamba, hata kama mlitukanana jana. Basi kila Castory alipozima, watu wakamjia na mashine zao zinafuka moshi. "Vipi fundi, mafuta yameisha?" Na jibu kutoka ng'ambo likawa lilelile kila mara: chupa zina moshi. Mwishowe wakamwandikia kwamba mwaka mzima haufai kitu, na ukiharibika mwingine watamtafuta mtu wa ziwa jingine.

Castory alilia, mtu mzima, mbele ya wachuuzi. Kisha akapanda juu ya boti yake, akatandaza kitambaa cheupe, akatuomba.

"Mkiona hiki kimefungwa kwenye mlingoti, nawasihi, msinikaribie. Hata nikikaa saa nzima. Nipungieni mkono mpite zenu."

Wazee walinung'unika. Walisema si jambo la kumwomba mtu wa ziwani. Mimi ndiye niliyewajibu, tena kwa ukali, kwa kuwa nilimhurumia. Kila wiki nilisafiri na boti ya abiria kwenda Mwamgongo kununua dagaa, na nahodha aliyethubutu kumsogelea Castory alinisikia. Baada ya miezi michache hakuna aliyehitaji kukemewa. Boti zote zikawa zinazunguka mbali, abiria wanapunga, Castory anapunga, basi.

Chupa zikawa safi. Kwenye fomu yake palikuwa na mahali pa kuandika ni boti ngapi zimekaribia, na kwa miaka sita aliandika sifuri. Aliringa na sifuri zake. Kitambaa nacho akaacha kukifungua. Kilikaa mlingotini Jumanne hadi Jumanne, kwani nani asiyeijua boti ya Castory?

Mwaka jana, mwezi wa saba, Castory aliugua malaria. Mdogo wake, Feliksi, akaichukua boti kwenda kufuata mawese kwa wakwe zake. Ilikuwa Jumamosi.

Boti yetu ndiyo iliyotoka Kibirizi mwisho mchana ule, nahodha akiwa Anatoli. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuamka. Tukaiona boti ya Castory imetulia, mashine kimya, kitambaa kinapepea. Mtu amesimama anapunga, mikono yote miwili. Anatoli akapinda kumkwepa, kama kawaida. Abiria wakapunga. Na mimi nilipunga. Nilisema hata, "Leo Castory ana furaha kweli." Sikukumbuka kwamba ni Jumamosi. Nilikuwa nawaza bei ya dagaa.

Boti iliokotwa kesho yake, imepinduka, kitambaa bado kimefungwa. Feliksi alipatikana siku ya tatu.

Msibani nilipika, nikaosha vyombo, nikakaa na mjane, na kinywa changu kinachojulikana soko zima kikafungwa. Sikumwambia Castory kwamba nilimwona mdogo wake. Hakuna boti iliyosema. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Matanga yalipokwisha ikaja barua ya watafiti. Alinisomea mwenyewe, uani kwake Gungu. Walimshukuru kwa rekodi safi kuliko walivyotarajia, wakaambatisha mchoro wenye mstari wa hewa ukaa unaopanda mwaka hadi mwaka, bila kushuka.

"Unauona?" akaniuliza. "Nikipima unapanda. Nisipopima unapanda. Nimemtoa Feliksi kwa ajili ya nini, dada Yunisi?"

Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Hakurudi ziwani hadi Machi mwaka huu. Jumanne moja tukiwa njiani na Anatoli tukaiona ile boti, mashine imezimwa. Mlingoti ulikuwa mtupu. Castory amesimama, anapunga mikono yote miwili. Anatoli akaanza kupinda.

"Mwendee!" nikasema.

"Mama, mzee yuko kazini. Tutamharibia."

"Anatoli, hakuna kitambaa! Mwendee, la sivyo najitupa majini sasa hivi!"

Abiria walidhani nimepagawa. Akageuza. Tukafika ubavuni mwake, moshi wetu ukimfunika. Chupa mbili zilikuwa miguuni pake, hazijafunguliwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwakeye," nikamwamkia kwa Kiha.

"Ninyi ni wa tano," akasema. "Wanne wamenipungia wakapita. Na kitambaa nimekitoa." Akanitazama mimi, si Anatoli. "Siku ile ya Feliksi, dada Yunisi, wewe ulikuwa wa ngapi?"

Kwa hiyo alikuwa anajua, na chai ile alininywesha huku anajua.

"Wa mwisho, kaka," nikasema. "Baada yetu hakutoka boti nyingine."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea hesabu aliyokwisha kuijumlisha mwenyewe. Anatoli akanyoosha mkono azime mashine. Castory akamkataza.

"Iache iungurume."

Akaunga mrija, akawasha pampu, akazijaza chupa zote mbili katikati ya moshi wetu, bila kubana pumzi. Kisha akatoa fomu na kalamu. Pale pa kuandika boti zilizokaribia, mahali alipoandika sifuri miaka sita, akaandika moja.