Saa Mbili za Wifi

Kaka yangu ni fundi saa. Kibanda chake kinalingana na kabati, ukutani kuna saa kumi na tisa, na zote zinakwenda sawasawa. Moja ikichelewa hata nusu dakika, chakula hakimshuki. Mkewe, wifi yangu, ni fundi wa mashine za eksrei, na kila mwezi kampuni yake humpeleka kwa ndege hadi jiji kubwa la nchi nyingine.

Kaka hakuwa na neno, mpaka siku alipookota tiketi kwenye kochi. Akaja nayo kwangu, uso umemvimba.

"Dada, hebu soma. Kwenda anaondoka saa nne, anafika saa tano. Kurudi anaondoka saa nne, anafika saa saba. Kilomita elfu moja na mia nne, njia ni ileile. Hizo saa mbili anazipeleka wapi?"

"Labda ni upepo."

"Upepo gani wa saa mbili? Ndege inatua njiani. Na unajua nani yuko huko njiani."

Namjua. Ni yule daktari aliyetaka kumwoa wifi zamani. Siku hizi ana hospitali kwenye mji wa katikati ya safari. Ningemwambia kaka aache upuuzi, lakini sikumwambia. Na mimi roho ilikuwa inaniuma. Nashona sare za shule, dirisha langu linatazama ukuta. Wifi anakunywa chai mawinguni, na bado watu wanamsifu eti hana majivuno. Nikasema, "Mchunguze."

Akamchunguza miezi mitatu. Kila tiketi aliinakili kwenye daftari la wateja, kila koti alilinusa. Jumapili moja mchana, mbele yangu, akaliweka daftari mezani.

Wifi alisoma bila haraka. "Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja," alisema. "Tiketi inaandika saa ya kila mji. Safari ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Hatutui popote."

Kaka aliinama juu ya daftari, akahesabu upya kwa kidole. Miaka ishirini ya ufundi, na haikumjia akilini kwamba kuna mji wenye saa tofauti na za kibandani kwake. Nilitaka kucheka, lakini wifi alikuwa bado anamtazama kaka.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanipokea kama mgeni," alimwambia.

"Nisamehe, mke wangu. Ni wivu tu."

"Kazini wameniomba nihamie kule. Nimekataa mara mbili, nikawaambia mume wangu hawezi kuacha kibanda chake." Akalifunga daftari, akamsogezea. "Kesho nitawajibu tena."

Kaka akanigeukia, kama afanyavyo kila anapokwama. "Dada, mwombe abaki. Wewe anakusikiliza."

Ni kweli, ananisikiliza. Wote wawili walikuwa wananitazama, wakisubiri.

"Mwache aende," nikasema. Na roho yangu, Mungu anisamehe, ikatulia.